Darsa la Ramadhani 12: Nyumba unayoiweza ni ya kiasi gani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu, wazee wangu, mama zangu, alhamdulillah kumi la kwanza limetutoka na sasa tumo katika la pili. Mwenyezi Mungu atutakabalie.

Jana niliahidi kuendelea na somo la ulimi, lakini nimelisogeza mbele. Baada ya tarawehe kijana mmoja wa hapa hapa msikitini alinisubiri pale kwenye viatu, akatoa karatasi mfukoni. Nimemwomba ruhusa niliandike jambo lake bila kumtaja, akakubali. Naliandika kwa sababu naamini humu kwenye kundi wenye karatasi kama ile mko wengi, na wengine mmeshaisaini.

Karatasi ilikuwa hesabu ya mkopo. Kijana ameajiriwa, ana mke na watoto wawili, amepanga chumba na sebule kwa 120,000 kwa mwezi. Ana kiwanja Chanika, amekimaliza kukilipia. Mkopeshaji amemwambia atapata milioni 18, azirudishe kwa miaka 5, kila mwezi akatwe 438,000 kwenye mshahara. Ramani keshachorewa: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, sehemu ya kulia chakula, jiko la ndani, stoo, na baraza mbele. Akaniuliza, "Shehe, wamesema nakopesheka. Sasa mimi nyumba hii naiweza au siiwezi?"

Hebu tulitazame hilo neno, "nakopesheka". Maana yake ni kwamba mwenye pesa amepiga hesabu akaona pesa yake itarudi. Basi. Hesabu hiyo ni yake, kaipiga kwa faida yake, na wala hatumlaumu kwa kujua kupiga hesabu. Lakini hakuuliza kama mama yako ataendelea kupata dawa za presha. Hakuuliza mtoto wa pili anaanza shule lini. Wewe umeichukua hesabu ya mtu mwingine ukaigeuza kuwa jibu la swali lako.

Kwanza niliseme la riba, nisije nikaonekana nimeliruka. Milioni 18 zinarudi zaidi ya milioni 26, kwa kuwa umepewa muda tu. Hiyo ni riba, na aya za Sura Al-Baqara, kuanzia ya 275, hazikuacha mlango wa kubabaisha. Najua kuna watu huwa wananitumia ile fatwa ya Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti ya mwaka 1999, iliyowaruhusu Waislamu wa kule kununua nyumba kwa mkopo wa benki. Wanazuoni wengine waliipinga, na hata wale walioitoa waliweka masharti: iwe nyumba ya kukaa mwenyewe na familia, asiwe na nyingine, asiwe na mali ya kumwezesha kuipata kwa njia nyingine, na pasiwe na njia ya halali. Sasa wewe una kiwanja Chanika, na nchi hii mtu anaruhusiwa kuanza na chumba kimoja na kuongeza mwakani. Dharura ya ramani ya vyumba vitatu imetoka wapi?

Lakini tuseme riba haipo. Tuseme umekwenda benki inayofuata utaratibu wa Kiislamu, na alhamdulillah siku hizi zipo, Amana Bank ilianza mwaka 2011 na nyingine zimefungua madirisha. Benki inanunua vifaa, inakuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana, unalipa kidogo kidogo. Mkataba ni halali. Bado swali la kijana linabaki pale pale, kwa sababu mkataba wa halali wenye rejesho usiloliweza utakufikisha kule kule: simu imezimwa, mke ananuna, mtoto karudishwa nyumbani. Tunawafundisha watu halali na haramu ya mkataba, tunasahau kuwafundisha kipimo. Nasema "tunasahau" na mimi nimo.

Basi tukakaa, tukapiga hesabu yake yeye. Anapokea 900,000 mkononi. Kodi 120,000. Chakula na gesi 300,000, na hapo mke wake anajibana kweli. Nauli 80,000. Watoto 100,000. Mama yake kijijini 50,000. Umeme, maji na vocha 50,000. Ugonjwa, harusi na misiba 50,000. Jumla 750,000. Kinachobaki ni 150,000.

Mkopo unataka 438,000. Ukikatwa, unabaki na 462,000, na matumizi ni 750,000, na kodi bado unalipa kwa sababu nyumba haijaisha. Pengo ni 288,000 kila mwezi. Nikamuuliza, "Hizi zitatoka wapi?" Akasema, "Tutajibana, shehe." Nikamwambia sawa, lakini niambie ni nani atakayebanwa. Twende mstari kwa mstari, weka kidole. Alipofika kwenye ile 50,000 ya mama, kidole kikasimama.

Pale ndipo ninapotaka na wewe unayesoma usimame. Swali la nyumba ya kiasi gani tumezoea kulifanya la pesa: nina ngapi, nitapata ngapi. Lakini katika mshahara wako kuna watu ndani. Kuna mama, kuna mke mwenye haki ya nafaka, kuna watoto, kuna anayekudai tangu mwaka jana. Wale hawakuweka saini kwenye ule mkopo, na ndio watakaoulipa. Nyumba unayoiweza ni ile inayojengwa na kilichobaki baada ya haki zao. Inayojengwa na haki zao, hata ikikamilika mpaka vigae na geti, wewe hukuiweza. Wao ndio walioiweza, bila kuulizwa.

Sheria ya nchi yetu inataka mtumishi asikatwe mpaka akabaki na chini ya theluthi moja ya mshahara. Ni ulinzi mzuri, bila huo wengine wangerudi nyumbani na karatasi ya mshahara tupu. Ila sisi tumeigeuza. Sheria imesema usivuke hapa, sisi tumesikia nenda mpaka hapa. Mwalimu mwenzangu aliwahi kuniambia "bado nina nafasi ya kukatwa", kama mtu anayesema bado ana shamba hajalilima.

Na hiyo theluthi inanikumbusha habari ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.). Aliugua Makka akadhani ndiyo mwisho, akataka kutoa theluthi mbili za mali yake sadaka. Mtume (S.A.W.) akamkatalia. Akasema nusu, akamkatalia. Akasema theluthi, ndipo akamkubalia, na bado akamwambia kuwa theluthi nayo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wake wakiwa na chao ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Angalieni, ile ilikuwa sadaka! Mtu anataka kutoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, anazuiwa kwa sababu ya haki ya watoto wake. Sisi tunatoa theluthi mbili kwa mkopeshaji, kwa ajili ya masta, na hakuna anayetuzuia.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sikuja kuwaambia nyumba ni dunia, dunia ni mapito, endeleeni kupanga. Mahubiri hayo ni rahisi sana kwa mtu ambaye halali chumba kimoja na watoto wa miaka kumi. Najua kupanga kulivyo. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Choo cha nje cha wapangaji watano, mkeo anajifunika usiku kwenda kujisaidia. Mwenye nyumba anampangia mwanao saa ya kucheza. Mtume (S.A.W.) katika mambo ya furaha ya mtu alitaja makazi yenye nafasi, pamoja na mke mwema na jirani mwema. Na katika Sura An-Nahl aya ya 80 Mwenyezi Mungu anazitaja nyumba zetu katika neema Zake, kuwa amezifanya pahala pa utulivu. Kutaka nyumba si tamaa.

Ila hilo neno, utulivu, ndilo kipimo chenyewe. Imepokewa kuwa Hasan al-Basri alipokuwa kijana aliingia katika vyumba vya wake wa Mtume (S.A.W.), akanyoosha mkono akagusa dari. Vilikuwa vifupi na vidogo hivyo, na hakuna nyumba iliyojaa utulivu kuliko ile. Na nawajua watu wenye nyumba yenye baraza, wakisikia pikipiki imesimama nje wanazima taa.

Mmoja wao nilikuwa mimi. Nilifikiri sana kama niliandike hili, lakini mwezi huu si wa kujificha.

Mwaka 2014 nilipata kiwanja upande wa Chamazi. Nilikuwa nafundisha, na tayari naswalisha. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo alikuwa amepaua nyumba ya vyumba vinne. Mimi nikachora vinne. Sikuwa na mtu wa kulala chumba cha nne, sikuwa na pesa ya kukijenga, ila nilikuwa na sababu nzuri: wageni, darsa za akina mama, wazazi wakija. Hakuna nyumba kubwa isiyokuwa na sababu nzuri. Msingi peke yake ukala akiba yote. Nikakopa saruji na nondo dukani kwa mzee mmoja muuza vifaa vya ujenzi, ambaye alikuwa anaswali safu ya kwanza nyuma yangu. Hakuniandikisha. Akasema, "Maalim, wewe si wa kuandikishana." Kosa la kwanza, na ni langu. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 katika Al-Baqara, inatuamrisha tuandike deni. Mimi huifundisha, na siku ile nikaona nimeheshimiwa.

Miezi mitatu ikapita, sita, kumi. Hakuniuliza hata siku moja. Mimi ndiye niliyeanza kumkwepa. Nilikuwa nikitoa salamu ya mwisho nageuka nusu, nisikutane na macho yake, kisha natokea mlango wa udhu. Nikimkuta njiani namwambia, "Mwisho wa mwezi, in shaa Allah." Nilikuwa najua mwisho wa mwezi hakuna kitu. Yaani nililichukua jina la Mwenyezi Mungu nikaligeuza kuwa kichaka cha kujificha. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba sana kinga kutokana na deni, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mtu akiingia katika deni huzungumza akasema uongo, na huahidi asitimize. Hadithi hiyo nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa. Sikujua kuwa inanizungumzia mpaka nikajisikia sauti yangu barabarani.

Na mwaka huo huo baba yangu akalazwa Tanga. Gharama zote alilipa mdogo wangu, anayeendesha bodaboda. Mimi mwenye diploma, mwenye kazi ya mshahara, niliyekuwa na tofali mia nane zimepangwa uwanjani, nilituma 30,000. Baba hakusema kitu. Alipona, akaishi miaka mitatu zaidi, na hakusema kitu. Mpaka leo, nikimwombea katika sijda, ile 30,000 inapita mbele yangu.

Mwishoni nilimfuata yule mzee nyumbani kwake, nikamwambia kweli: sina, na nimekuwa nikikudanganya. Nikauza tofali na pikipiki, nikalipa kwanza nusu. Nusu nyingine akanipa muda, miezi 14, akaniambia alikuwa akisubiri tu nimwambie. Nyumba nikaikata. Juu ya msingi wa vyumba vinne nikasimamisha viwili na sebule. Nusu ya msingi iliyobaki ipo mpaka leo, mke wangu anaanikia nguo hapo na watoto wanarukia kamba. Wageni wakija huuliza lini nitamalizia. Nawaambia nimeshamaliza.

Kwa hiyo wewe unayetaka kujua kiasi chako, sina jedwali la kukupa. Katika Sura At-Talaq, aya ya 6, wanaume wanaamrishwa wawakalishe wake waliowaacha, walio katika eda, pale wanapokaa wao, kwa kadiri ya uwezo wao. Na aya inayofuata inasema maana yake kwamba mwenye wasaa atumie katika wasaa wake, na aliyepungukiwa atumie katika alichopewa, na kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya alichoipa. Jamani, hata pale ambapo ndoa imevunjika na watu wamekasirikiana, kipimo cha makazi kimewekwa kuwa ni uwezo, si hadhi, si alichojenga jirani. Na wasaa pia umo. Aliyepewa nafasi ya vyumba vinne avijenge, awalaze wageni, asitafute unyenyekevu kwa kuwabana watoto wake kwenye chumba kimoja.

Ninachoweza kukuambia ni jinsi tulivyoendelea na yule kijana. Tulichukua ile 150,000 inayobaki. Kisha nikamwomba aipunguze, kwa sababu tulikuwa tumehesabu mwaka mzuri. Weka mwaka ambao mtoto amelazwa mara mbili na mshahara umechelewa. Akasema basi laki moja. Laki moja kwa mwezi ni 1,200,000 kwa mwaka. Anacheza mchezo wa kupeana hapo kazini, usio na riba, zamu yake ikifika anashika 1,000,000. Tukamwita fundi mmoja wa humu msikitini. Fundi akasema vyumba viwili vya tofali, paa la upande mmoja, choo nje chao wenyewe, kwa awamu, na aanze na chumba kimoja kilichopauliwa kabisa badala ya boma la vitatu lililosimama miaka minane likinyeshewa. Akishahamia, ile 120,000 ya kodi inageuka tofali. Hapo ndipo uso wa kijana ulipofunguka kidogo. Hakuwa ameifikiria kodi kama pesa ya ujenzi.

Nikamwuliza pia kuhusu mkewe. Akasema ameahidi kutoa laki sita alizoweka kwenye kikoba. Nikamwambia basi andika. Kama ni zawadi, aseme yeye kwa ulimi wake kuwa ni zawadi. Kama ni mkopo, andika deni. Kama ni ubia, andika sehemu yake. Mimi nasuluhisha ndoa hapa, na nimekaa na wanawake walioweka pesa zao katika "nyumba yetu", siku ya talaka wakaambiwa waonyeshe risiti. Wengine mume alikufa, shemeji wakaja na futi ya kupimia. Akina mama mnaosoma hapa, kuomba iandikwe si kukosa imani na mume. Na nyie akina baba, mkiona uzito kuandika, jiulizeni uzito huo unatoka wapi.

Jambo moja la upande, kwa kuwa wengi mnapiga hesabu za zaka mwezi huu: nyumba unayokaa haina zaka, wala kiwanja ulichonunua ili ujenge ukae. Kiwanja ulichonunua kwa nia ya kuuza hicho ni biashara, kwa kauli ya wanazuoni wengi kithaminishe kila mwaka. Wenye viwanja vitano vya "akiba ya watoto" mje tuzungumze polepole, nia mnazijua wenyewe.

Kijana hajaamua. Alikunja karatasi akairudisha mfukoni, akasema ataongea na mkewe baada ya daku. Nilimwambia kitu kimoja cha mwisho, na nakiandika kama nilivyomwambia. Zamani Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza, akauliza kama marehemu ana deni. Akaambiwa anazo dinari chache anadaiwa na hakuacha cha kulipia. Akawaambia masahaba wamswalie wao. Hakumswalia yeye, mpaka Abu Qatada (r.a.) aliposimama akasema deni hilo ni juu yangu. Baadaye, Mwenyezi Mungu alipowafungulia Waislamu riziki, Mtume (S.A.W.) akawa anayalipa yeye madeni ya wasio na kitu. Nami hapa naswalia majeneza. Huuliza kila mara, mbele ya watu: nani anamdai? Huwa tunanyamaza kidogo. Mara nyingi nyuma yangu kuna nyumba nzuri, ina rangi mpya, na mtoto mkubwa wa marehemu anatazama chini kwa sababu anajua ni ya nani.

Leo baada ya alasiri darsa lipo kama kawaida. Yule fundi atakuwepo, na amekubali kumkadiria bure yeyote atakayekuja na ramani yake na hesabu yake ya kweli. Wake zenu waje pia. Kesho in shaa Allah tunarudi kwenye ulimi.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.